Saa ya Chakula ni Saa ya Darasa: Hotuba kwa Wafugaji wa Mbwa, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliokuja na mbwa wenu asubuhi hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya mbwa wachanga, nami nimechagua kuzungumzia chakula. Sababu yangu ni kwamba kila nyumba yenye mtoto wa mbwa tayari inacho kitu cha kumfundishia, na kitu hicho hutolewa kila siku, kikamwagwa kwenye sahani na kuisha katika muda mfupi sana bila kumfundisha mnyama jambo lolote. Ombi langu kwenu halina gharama: chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, kipite kwanza mikononi mwenu na katika kazi ndogo ndogo kabla ya kufika tumboni mwake, hasa katika miezi ile ya mwanzo ambayo mbwa hujifunza kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Tuangalie kwanza hali ilivyo majumbani. Wengi wetu tunachukua mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mtoto wa mbwa analetwa akiwa na umri wa wiki sita au nane, anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba au anatiwa bandani, na chakula chake ni makombo ya jioni: ukoko wa ugali uliolowekwa, vichwa vya dagaa, siku nyingine utumbo au miguu ya kuku. Anayempelekea huweka sahani chini na kuondoka haraka, kwa sababu mbwa ana pupa na anaruka. Pupa hiyo ina chanzo chake. Alipokuwa kwa mama yake alikula chombo kimoja na ndugu zake, na aliyechelewa hakupata kitu, kwa hiyo anafika kwetu akiwa na somo moja tu kuhusu chakula, kwamba kiliwe upesi na kilindwe. Tusipompa somo jingine atakua na hilo hilo, na siku mtoto wa nyumba akipita karibu na sahani atang'atwa, kisha tutasema kwamba mbwa huyu alizaliwa mkali.

Sisemi haya kwa kukisia. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, ambaye mwaka 1904 alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alifanya kazi yake kwa kutumia mbwa, na ni katika kazi hiyo alipoona kwamba mbwa walianza kutokwa na mate kabla chakula hakijaletwa, mara tu walipopata dalili waliyozoea kuiona au kuisikia ikikitangulia. Jambo hilo hilo linatokea nyumbani kwenu kila jioni. Mwiko ukikwangua sufuria, mbwa aliyelala mbali anainuka na kuja mbio, wala hakuna aliyemfundisha. Lakini bwana wake akiita "Simba! Simba!" mbwa yule yule anasimama mbali akimtazama, au anajikunyata, kwa kuwa katika maisha yake jina hilo limetangulia makemeo, fimbo, au kurudishwa kwenye mnyororo. Sufuria imemfundisha vizuri kuliko sisi, kwa sababu haikuwahi kumdanganya.

Miaka michache kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio aliyofanya kwa paka na wanyama wengine waliofungiwa ndani ya masanduku, ambao walipaswa kuvuta kamba au kusukuma kifungio ili watoke na kupata chakula. Alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mema hurudiwa, na kila likirudiwa huja upesi zaidi. Mafunzo yote ninayowaeleza leo yamejengwa juu ya mambo hayo mawili: dalili inayotangulia chakula hupendwa, na tendo linaloleta chakula hurudiwa.

Nasi wakazi wa Morogoro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hapa hapa, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na njia yao ni chakula. Panya akifanya sawasawa anasikia mlio mdogo wa kubofya, kisha anapewa kipande cha ndizi au karanga, na kwa hatua hizo fupi, zinazorudiwa kwa uvumilivu, mnyama ambaye wengi wetu tungemfukuza kwa ufagio anageuka mtaalamu. Panya aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro, alipelekwa Kambodia na kugundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku medali ya dhahabu kwa ushujaa, panya wa kwanza kupewa heshima hiyo. Kama panya buku ameweza kufundishwa kazi nzito namna hiyo kwa vipande vya ndizi, mtoto wa mbwa, ambaye kwa maelfu ya miaka amezaliwa katika ukoo unaoishi na binadamu, anaweza kufundishwa kukaa, kusubiri na kuja anapoitwa kwa vipande vya ugali.

Lipo jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawalitazamii. Mwaka 1963 mtafiti Mmarekani Glen Jensen aliwapa panya chaguo: upande mmoja bakuli la chakula kisichohitaji kazi yoyote, upande wa pili kijiti cha kubonyeza ambacho kilitoa chakula hicho hicho. Wengi wao hawakubaki kwenye bakuli. Waliendelea kubonyeza ili wapate sehemu ya mlo wao kwa kazi, hali chakula cha bure kipo palepale. Baadaye hali kama hiyo ilionekana kwa njiwa, kwa nyani na kwa wanyama wengine wengi, ingawa paka wa nyumbani hawakuonyesha bidii hiyo. Kwa hiyo tunapomtafutia mtoto wa mbwa kazi ya kufanya ili ale, tusidhani kwamba tunamtesa au tunamnyima haki yake. Mnyama aliyeumbwa kunusa, kufukua na kufuatilia anahitaji kufanya hayo, na asipopewa mahali pa kuyafanya atafukua maua, atatafuna ndala na kubweka usiku kucha pasipo sababu.

Nimesema miezi ya mwanzo, na naomba niieleze, kwa sababu muda huo ukipita haurudi. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliwaacha watoto wa mbwa wakue pamoja na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kushikwa na watu, kisha wakawatoa kwa zamu, kila kundi katika umri wake, ili wazoeane na binadamu kwa wiki moja. Wale waliotolewa mapema walizoea watu bila shida kubwa. Wale ambao hawakuguswa hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu kama wanyama wa porini, na kuwazoesha ilikuwa kazi ngumu mno. Tangu hapo wataalamu wa tabia za mbwa wamekubaliana kwamba kipindi cha kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 12 hadi ya 14 ndicho kinachojenga msingi wa mbwa. Hesabuni wenyewe: mbwa akifika kwenu ana wiki nane, mmebakiwa na wiki chache tu, na kila siku ya mnyororo na sahani isiyo na neno ni siku iliyotoka katika akiba hiyo.

Naja sasa kwenye kazi yenyewe, na nitaanza na chakula, kwa maana darasa haliwezi kuwa zuri kuliko mlo wake.

Mtoto wa mbwa hali mara moja kwa siku. Hadi afike umri wa miezi mitatu anapaswa kula mara nne, kisha mara tatu hadi miezi sita, ndipo abaki na mara mbili. Tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa, hivyo kwa kila kilo ya uzito wake anahitaji karibu mara mbili ya nishati anayohitaji mbwa mzima. Ratiba hiyo inatupa vipindi vinne vya masomo kila siku. Anayeweza kununua chakula kikavu cha dukani, kile cha punje, ana wepesi, kwa kuwa kila punje ni zawadi tayari. Asiyeweza asijione amepungukiwa. Ugali wa dona uliopikwa pamoja na dagaa waliosagwa, ukaachwa upoe hadi ushikamane, hukatwa vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi. Maini, mapafu au moyo wa ng'ombe uliochemshwa hukatwa vivyo hivyo na huwekwa kando kwa masomo magumu zaidi. Dagaa wa chumvi waoshwe kwanza.

Kuhusu makombo ya mezani nitasema kwa uzito. Mchuzi wetu karibu wote una vitunguu, na vitunguu maji pamoja na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu, mbichi au kavu, ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo. Mtengeeni chakula chake kabla hamjaunga mchuzi. Kisha, chochote mtakachompa kwa masomo kitoke katika mlo wake wa siku hiyo, kisiwe nyongeza juu yake. Pimeni asubuhi chakula cha siku nzima katika chombo kimoja, na kila mtu wa nyumbani achukue humo.

Narudia hapa jambo ambalo hueleweka vibaya mara kwa mara. Kufundisha kwa chakula si kufundisha kwa njaa. Mtoto wa mbwa anayenyimwa mlo kwa sababu hakukaa alipoambiwa, hasa akiwa wa umbo dogo, anaweza kupungukiwa sukari mwilini akalegea na hata kuzimia, na kabla ya hapo atakuwa ameshajifunza kwamba ninyi si watu wa kutegemewa. Akishindwa somo, rahisisheni somo. Mlo wake aumalize wote siku ile ile. Maji safi yawepo saa zote, wala maji kamwe yasifanywe kuwa zawadi.

Siku za kwanza mlisheni kwa mkono. Kaeni chini, kwenye kigoda au mkekani, mtajeni jina lake mara moja kwa sauti ya kawaida, na akigeuza macho kuwatazama, mpeni kipande kwenye kiganja kilichonyooshwa, vidole vikiwa vimebanwa pamoja. Hakuna zaidi ya hapo. Jina, macho, kipande. Baada ya milo michache jina lake litakuwa na uzito ule ule wa mlio wa sufuria. Chagueni pia neno moja fupi la kumjulisha kwamba amefanya sawasawa, mimi hutumia "Safi!", nalo hutamkwa papo hapo tendo linapotendeka, kisha kipande kifuate mara moja. Zawadi ikichelewa, mbwa atakuwa ameshafanya jambo jingine, naye atadhani amelipwa kwa hilo jingine.

Akiuma vidole kwa pupa msimpige. Fumbeni ngumi juu ya kipande na mtulie. Atalamba, atakwaruza, atasukuma kwa pua, kisha itafika nukta ambapo atarudisha kichwa nyuma, hata kwa muda mfupi sana, hapo semeni "Safi!" na fungueni kiganja. Mbwa anagundua kwamba njia ya kukipata chakula ni kukiacha, na huo ndio mwanzo wa kujizuia. Akishalielewa, wekeni neno "Acha" mbele ya zoezi hilo, kisha hamisheni kipande kutoka kwenye ngumi hadi sakafuni chini ya kiganja, na baadaye sakafuni pasipofunikwa. Neno hilo litawasaidia siku atakapokutana na mfupa wa kuku barabarani au chambo cha sumu kilichotupwa ukutani na wezi, na kwa anayefuga mbwa wa ulinzi sijui somo lenye thamani zaidi ya hilo.

Kukaa ni kwepesi. Pelekeni kipande juu kidogo ya pua yake na kielekee nyuma ya kichwa. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka yenyewe. Msimsukume mgongo. Milo yote inayofuata ianze kwa kukaa, na anapokaa ndipo sahani ishushwe. Akiinuka kabla haijafika chini, sahani inapanda tena bila neno lolote la hasira, akikaa inashuka. Ongezeni muda wa kusubiri polepole mno, pumzi moja, pumzi mbili, hadi aweze kutulia sahani ikiwa mbele yake akisubiri ruhusa yenu. Mbwa aliyekomaa mwenye kilo 30 anayesubiri hivyo hatamwangusha bibi anayempelekea chakula.

Kuja anapoitwa kufundishwe mnapokuwa wawili. Mmoja amshike kwa upole, mwingine asimame hatua chache mbele, aite jina na "Njoo!", na akifika apewe si kipande kimoja bali vitatu vinne mfululizo, kisha arudishwe kwa mwenzake. Nusu ya mlo inaweza kutolewa kwa kukimbia hivyo kati ya watu wawili uani. Sharti langu kwa watu wa nyumba hiyo ni moja: neno "Njoo" lisitumike kamwe kumwita aje afungwe mnyororo, aogeshwe au akemewe. Mkitaka kumfunga, mfuateni alipo.

Lipo somo ambalo nalipenda kuliko yote, na ndilo linalotuhusu zaidi tunaoishi katika nchi yenye kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo husababishwa na mbwa, na kwamba ili kuuzuia inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Kila aliyewahi kusimama kwenye kituo cha chanjo anajua kinachokwamisha hesabu hiyo: wapo mbwa wengi majumbani ambao hata mwenye mbwa hawezi kuwashika. Mbwa hakuzaliwa akiogopa kushikwa. Hakufundishwa tu kwamba kushikwa ni jambo la amani. Kwa hiyo, katika mlo mmoja kila siku, guseni sikio kisha toeni kipande, shikeni mguu kisha toeni kipande, inueni mdomo mtazame meno kisha toeni kipande, bana ngozi ya bega kwa vidole kama anavyofanya daktari wa mifugo kabla ya sindano, kisha toeni kipande. Mguso utangulie na chakula kifuate, maana mpangilio ukigeuka, chakula chenyewe kitaanza kumtia wasiwasi. Mfungeni pia ukanda shingoni wakati wa mlo na mwuondoe baadaye. Mbwa aliyelelewa hivyo atachanjwa kila mwaka bila kamba ya shingo na bila vijana wanne wa kumkandamiza chini.

Kuhusu sahani yenyewe, wengi wamefundishwa kwamba mbwa lazima anyang'anywe chakula katikati ya mlo ili ajue nani bwana. Nawaomba muiache desturi hiyo, kwani inamthibitishia hofu aliyokuja nayo, kwamba anayekaribia sahani ni mwizi. Fanyeni kinyume chake. Anapokula ugali wake, piteni karibu na mdondoshee kipande cha ini ndani ya sahani, kisha endeni zenu. Mtoto wa nyumbani naye afanye hivyo, akiongozwa na mtu mzima aliye karibu, wala asiachwe peke yake na mbwa anayekula. Baada ya muda mtaona mkia ukitikisika kila mtu anapokaribia, badala ya kusikia mngurumo. Kama mbwa mkubwa tayari ananguruma na kukaza mwili, msijaribu hayo wenyewe. Kaeni mbali naye na mwiteni mtaalamu.

Najua kwamba wapo hapa ndugu zetu Waislamu wenye mbwa wa ulinzi au wa kuchungia mifugo, ambao wameniuliza watafanyaje wakati mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Swali hilo ni la haki, na halimzuii mtu kumfundisha mbwa wake. Kur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa. Tumieni upawa au mwiko wa mpini mrefu uliotengwa kwa kazi hiyo tu, au mdondoshee kipande chini mbele ya miguu yake mara baada ya neno "Safi!". Somo halipungui, kwa sababu kinachomfundisha ni wakati wa chakula kufika, wala hajali kimefikaje. Mazoezi ya kumshika yafanywe kwa glavu au aachiwe mtu mwingine wa nyumbani.

Hayo yalikuwa masomo ya utii na ya kuzoeana. Milo iliyobaki itumike kuichangamsha akili yake akiwa peke yake, na hapo pua ndiyo inayofanya kazi. Mbwa ana seli za kunusa zaidi ya milioni 100, wakati sisi tunazo milioni chache tu, na kazi ya kunusa humchosha kwa namna njema: baada ya robo saa ya kutafuta chakula mtoto wa mbwa hulala kwa utulivu kuliko baada ya kukimbizwa uani. Mtawanyieni punje au vipande vikavu kwenye majani mafupi ya ua wenu wenyewe, mahali pasafi pasipo kinyesi. Msifanye hivyo barabarani wala uwanjani kabla hajamaliza chanjo zake, kwa sababu virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa siku chache.

Vifaa msinunue. Trei ya mayai ya karatasi inatosha kabisa: wekeni vipande kwenye vishimo, funikeni kwa trei ya pili, naye atafute njia ya kuifunua, akiichana si hasara, ila angalieni asiimeze. Khanga kuukuu inakunjwa na vipande vikifichwa ndani ya mikunjo. Chupa ya plastiki ya maji, iliyotolewa kifuniko na ile pete yake, inawekwa punje ndani, naye ataisukuma kwa pua hadi zitoke. Akianza kuitafuna, iondoeni. Kifuu cha nazi kilicholainishwa kingo, kikajazwa uji mzito wa dona na dagaa kisha kikagandishwa kwenye friji, humpa kazi ya kulamba kwa muda mrefu siku ya joto. Baridi hiyo humtuliza pia fizi, maana kuanzia kama miezi mitatu hadi saba meno yake 28 ya utotoni yanatoka na kupisha meno 42 ya utu uzima. Kifuu ni cha kulamba tu. Akimaliza, kiondoeni asije akakivunja kwa meno. Anzeni na kazi nyepesi kabisa, afanikiwe mara moja, ndipo mwongeze ugumu kidogo. Mbwa anayeacha kazi na kuondoka hajawa mvivu. Amepewa mtihani wa darasa la juu yake. Chakula chenye majimaji kisikae nje muda mrefu, kitachacha na kuvuta siafu.

Vipindi vya masomo viwe vifupi, dakika mbili au tatu, kwa sababu mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku na akili yake huchoka haraka. Acheni akiwa bado ana hamu. Wenye mbwa wawili wawalishe mbali mbali, asionekane mmoja kwa mwingine, la sivyo ile pupa ya sahani ya pamoja itarudi. Na watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale. Baba akisema "Kaa", dada wa kazi akisema "Keti" na watoto wakisema "Sit", mbwa atakuwa na lugha tatu za kujifunza badala ya moja.

Wengi huniuliza kama watalazimika kubeba ugali mfukoni maisha yao yote. Hapana. Baada ya miezi sita, mbwa akishakuwa na milo miwili, mlo mmoja unaweza kurudi kwenye sahani, akae kwanza, asubiri, ale. Mlo wa pili uendelee kuwa wa kazi, hasa kwa mbwa anayeshinda bandani. Zawadi za masomo anayoyajua zipunguzwe bila mpangilio, leo apewe mara mbili mfululizo, kesho mara moja baada ya kutii mara nne, na zinapokosekana sauti yenu njema ichukue nafasi yake. Neno "Njoo" peke yake ningependa lilipwe kwa chakula mara nyingi hata akiwa mzee, kwa sababu siku mtakayolihitaji pikipiki itakuwa inakuja.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona vijana wawili wameketi pale mbele na watoto wa mbwa wa umri wa wiki tisa au kumi, na nimekuja na ugali wa dona uliokatwa tayari. Kwa ruhusa yako, naomba waje nao hapa tufanye zoezi la ngumi na zoezi la kushika sikio na mguu, na wengine wenye maswali waulize wakati tunaendelea.